Bakuli la Kaburi la Kunduchi

Tulikwenda kisiwani kwa ajili ya arusi. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na binti aliyeolewa kule, na shemeji mdogo wa binti huyo ndiye aliyekuwa anaoa. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na kwa kuwa shangazi hakupenda kusafiri bila mtu wa kumsomea maandishi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani kwetu Kunduchi nilikuwa mwanamke wa kwanza kujua Kiingereza, na shangazi alinitembeza nacho kama mtu anavyovaa kanga mpya.

Siku ya pili yake, arusi imekwisha na sufuria zinasuguliwa, binti yake akatuambia kuna nyumba ya vitu vya kale karibu na forodhani, ya Mzungu mmoja mstaafu wa serikali aliyehamia pale kulima minazi. Alikuwa ameomba nyumba kuukuu ya forodha, akaipaka chokaa, akaijaza vitu alivyokusanya miaka yote aliyotumika pwani. Kila mtu alikaribishwa kuingia asubuhi. Wenyeji, tukaambiwa, hawaingii.

"Kwa nini hawaingii?" shangazi akauliza.

"Wakaangalie nini, mama? Vinu?"

Lakini shangazi alikuwa mtu wa kutaka kuona. Tukavaa, tukaenda.

Mlangoni alikaa mlinzi, mzee wa palepale kisiwani, amevaa kaptura ya kaki na kofia ya kufuma. Tulimwamkia, akatuitikia, akatuambia tusiguse kitu. Ndani kulikuwa na chumba kimoja kirefu. Ukutani ilining'inia picha ya Mfalme wa Uingereza, na chini yake meza zimepangwa vitu, kila kimoja na kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa wino mweusi. Kila neno lilikuwa Kiingereza. Kisiwa kizima hapakuwa na watu watatu wa kulisoma.

Mwanzoni tulicheka. Juu ya meza ya kwanza palikuwa na kifumbu, kifumbu hiki hiki cha ukindu tunachochujia tui, kimetundikwa juu ya kijiti ili kisimame wima. Shangazi akaniambia nisome. Nikasoma: "Kofia ya mganga."

"Kofia ya nani?"

"Ya mganga, shangazi. Ya kuvaa wakati wa kuagua."

Alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Mlinzi naye, kule mlangoni, nilimwona mabega yakimtikisika. Nadhani alijua siku zote, na hakuna aliyemuuliza.

Basi tulikuwa bado tunacheka tulipofika kwenye kabati la kioo mwisho wa chumba. Shangazi ndiye aliyenyamaza kwanza. Nikamtazama, nikaona ameinamia kioo.

Ndani ya kabati mlikuwa na mabakuli matatu ya kaure. La katikati lilikuwa jeupe lenye maua ya rangi ya bahari, na ukingoni limebanduka mahali padogo.

"Hapo nilipapiga mimi," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikuwa mtoto. Nilirusha jiwe. Bibi yako alinichapa kwa upawa."

Sharti nieleze. Kunduchi kwetu, nyuma ya minazi, kuna makaburi ya watu wa kale yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Mengine yana mnara unaozidi urefu wa mtu, na kwenye minara ile wajenzi walitia mabakuli ya kaure, wakayajengea kabisa, mdomo wa bakuli ukitazama nje. Kaburi moja ni la ukoo wetu. Kila Shaabani, kabla ya Ramadhani kuandama, shangazi na wanawake wenzake walikuwa wakiyafagia makaburi yale, wanang'oa magugu, wanafukiza udi na kusoma Yasini. Miaka minne kabla ya safari yetu walikwenda kufagia wakakuta kaburi letu lina tundu. Bakuli halipo. Chokaa imechongwa pande zote kwa chuma.

Shangazi akaniambia nimsomee karatasi.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha nikamfasiria: "Bakuli la Kichina. Limeokotwa katika magofu yasiyo na wenyewe, pwani ya Kunduchi."

"Rudia."

Nikarudia.

"Limeokotwa," akasema. "Kinachookotwa ni embe lililoanguka. Hili lilijengewa." Akageuka kunitazama. "Na yasiyo na wenyewe, hayo ni yapi? Mimi ni nani? Kila mwaka napigia magoti kaburi la nani pale?"

Sauti ilikuwa imepanda. Mlinzi akaja, akamsihi ateremshe sauti, Bwana yuko nyuma anaandika. Shangazi akamwambia ndiyo, amwite huyo Bwana.

Mzungu alikuja na kalamu mkononi. Alikuwa mrefu, uso mwekundu, mpole wa sauti. Alitusalimu kwa Kiswahili safi kabisa. Asubuhi ile ile tulikuwa tumemsikia njiani akibishana na fundi wa makuti, hakukosea neno. Lakini shangazi alipoanza kusema habari za bakuli, Kiswahili kikamwisha. Akanigeukia mimi na kunisemesha Kiingereza, kwa kuwa aliona nimevaa gauni la shule.

Hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo, na haya hiyo ni nusu ya hasira yangu.

Shangazi alisema: "Mwambie bakuli hili ni la kaburi la babu zetu. Mwambie aliyelichomoa ni mwizi, na anayeliweka ni mwizi mwenzake. Mwambie nalitaka leo, naondoka nalo mkononi."

Mimi nikasema kwa Kiingereza: "Shangazi yangu anadhani bakuli hili linafanana na moja lililokuwa kwetu."

Mzungu akatabasamu. Akasema kwa utaratibu, kama mwalimu, kwamba vitu hivi vimeokolewa. Vingebaki kule vingevunjwa na watoto, au vingeuzwa. Watu wetu, akasema, ni watu wema lakini hawajui thamani ya vitu vya kale, akauliza kama ningeweza kumweleza mama huyu jambo hilo bila kumuudhi.

Nikamwambia shangazi: "Anasema wanalitunza vizuri."

Shangazi akaniuliza: "Maneno yote yale marefu ndiyo yametoka hivyo tu? Na yangu umeyapunguza vivyo hivyo?"

Kwa nini niliyapunguza? Shuleni tulifundishwa kwamba msichana mwenye adabu hamwambii mkubwa neno kali, na mkubwa, ingawa hakuna aliyetamka wazi, alikuwa Mzungu. Nilikuwa nimepewa lugha ile ili nimtetee mama huyu aliyeuza samaki wa kukaanga miaka mitatu ili nisome. Siku ya kwanza ya kumtetea nikaitumia kumfunika mdomo.

Shangazi aliniweka kando kwa mkono. Akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili, taratibu: "Bwana mkubwa, unanielewa. Asubuhi uligombana na fundi wa makuti, nilikusikia. Bakuli hili ni letu."

Mzungu akawa mwekundu zaidi. Akajibu kwa Kiswahili: "Mama, una hati?"

"Hati ya kaburi?"

"Karatasi yoyote."

"Kaburi lina tundu. Lichukue bakuli, twende wote Kunduchi, ulipime. Likienea, utasemaje? Lisipoenea, nitakuomba radhi mbele za watu."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya, na huko kutokuwa na ubaya ndiko kulikonichoma. Alicheka kama mtu aliyesikia neno la kufurahisha kutoka kwa mtoto. Halafu akanigeukia mimi tena. Akasifu Kiingereza changu. Akasema amekuwa akitafuta mtu wa kuandika karatasi zile kwa Kiswahili pia, ili wenyeji waje, maana inasikitisha kwamba hawaji. Je, nisingependa kuja likizo ya Desemba kumsaidia?

Nilikuwa nakusanya maneno ya kukataa. Shangazi akaniuliza anasema nini, na safari hii nikafasiri kila neno.

"Mwambie utakuja," akasema.

Tulirudi Kunduchi kesho yake. Nilidhani atafikia kwa wazee wa msikiti au kwa jumbe kulalamika. Hakwenda huko kwanza. Alikwenda Mabibo, na alinichukua.

Bakuli lilipopotea ile miaka minne nyuma, Kunduchi palikuwa na mgema mmoja, mtu wa bara, Mkristo, aliyekuwa akigema tembo katika minazi iliyo karibu na makaburi. Alikuwa mgeni, alipanda juu akaona kila kitu, na alikuwa na kisu. Hayo yalitosha. Watu walimzomea forodhani, wakampekulia chumba, wakaacha kununua kwake. Hawakukuta kitu. Aliondoka na mkewe na mikeka yao miwili, wakahamia Mabibo. Sasa, shangazi alipoyaona yale mabakuli kwenye kioo, alikumbuka kwamba wiki moja kabla ya kufagia walikuja Wazungu kwa motokaa, siku ya Jumapili, wakatandika nguo chini wakala chakula kati ya makaburi, na watu wetu waliwapelekea madafu. Hakuna aliyewashuku. Hata kuwafikiria hakuna aliyewafikiria.

Tulipanda lori la samaki mpaka mjini, tukatembea kwa miguu kwenda Mabibo kati ya mashamba ya mikorosho, tukiulizia. Tulimkuta anapalilia mihogo. Alimtambua shangazi mara moja, na jembe hakuliweka chini.

"Nimekuja kukuomba radhi," shangazi akasema. "Bakuli limeonekana. Hukulichukua wewe."

"Mimi najua sikulichukua."

"Na mie sasa najua."

Akapalilia mashina mawili matatu. Kisha akasimama. "Mama, mlinizomea mchana, watu wote wakiwa pale. Mke wangu alilia njia nzima. Radhi unaniletea huku nyuma ya mihogo, na msichana mmoja?"

Mke wa mgema alitutolea maji, tukanywa, tukarudi. Siku ya tatu, wakati wa mnada wa samaki, pwani imejaa watu, shangazi alipanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa na kusema kwa sauti: mgema hakuiba, tulimzulia, mimi nikiwa wa kwanza, na bakuli la kaburi liko kisiwani kwa Mzungu, nimeliona kwa macho yangu. Wengine walitazama chini. Mmoja akasema mambo ya zamani hayana haja ya kufukuliwa. Shangazi akamjibu: "Kaburi limefukuliwa, maneno ndiyo yasifukuliwe?"

Mgema alipelekewa habari. Hakurudi Kunduchi, na sikumlaumu.

Jumbe alituandikia barua kwenda bomani. Jibu lilikuja baada ya miezi: vitu vya kale viko chini ya uangalizi wa watu wenye ujuzi, na mlalamikaji anashukuriwa kwa kupenda historia ya nchi yake. Nilimsomea shangazi jibu hilo lote. Sikupunguza.

Desemba nikaenda kisiwani, nikalala kwa binti yake. Mzungu alinipa meza, wino na karatasi ngumu nyingi. Alinionyesha jinsi ya kupiga mistari kwa penseli ili herufi zisipande wala kushuka. Alikuwa mvumilivu. Mkewe aliniletea chai na biskuti. Ninayaandika haya kwa makusudi, kwa sababu watu wanaposikia kisa hiki hunitazamia nimsimulie mtu katili. Hakuwa katili. Aliweza kuwa mwema kwangu kutwa nzima, na funguo za kabati la kioo zikaendelea kulia mfukoni mwake.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri. Sikufasiri. Niliandika niliyoyajua, na nisiyoyajua nilimuuliza mlinzi, kwa sauti ya chini, kitu kimoja kimoja. Kwenye ile kofia ya mganga niliandika: "Kifumbu cha kuchujia tui." Palipoandikwa fimbo ya chifu niliandika: "Mwiko mkubwa wa kupikia karamu." Na kwenye bakuli letu niliandika: "Bakuli hili lilichomolewa katika kaburi la ukoo ulio hai, Kunduchi. Wenyewe wanalidai."

Mzungu alipita nyuma yangu akatazama. Alitazama mwandiko. Akasema mwandiko ni mzuri sana.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili mlinzi alikwenda kusali Ijumaa akawaambia wenzake kwamba sasa kuna maandishi ya kusomeka. Wakaanza kuja. Walikuja wanaume wawili, kisha wanawake sita kwa pamoja, wakasimama mbele ya kifumbu wakacheka kama tulivyocheka sisi. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Mzungu alifurahi mno. Alimwandikia rafiki yake barua, nilimsikia akimwambia mkewe, kwamba hatimaye wenyeji wanaamka.

Wiki ya tatu aliingia mjane mmoja, mama mtu mzima, amejitanda kanga nyeusi iliyopauka. Alizunguka meza zote. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, kimenakshiwa vizuri. Kiingereza kilisema kimenunuliwa. Mlinzi alikuwa ameniambia vingine, nami nikaandika vingine: kwamba kiliazimwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha kisiwani, akafa hajarudishiwa.

"Pameandikwaje hapo, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamsomea.

"Ndivyo," akasema. "Mzungu alimwambia mume wangu anakwenda kukichora tu."

Akakikunja kile kibao, akakiweka ndani ya kanga yake, akatembea kuelekea mlangoni bila haraka yoyote. Mlinzi alisimama. Nilidhani atamzuia, ndiyo kazi yake. Alimfungulia mlango mpana zaidi, akamwambia, "Angalia ngazi, dada."

Jioni ile ile Mzungu aliuliza marufaa iko wapi. Mlinzi akamwambia imekwenda kwao. Ndipo Mzungu alipochukua karatasi zangu akazisoma moja moja, kwa mara ya kwanza, midomo ikichezacheza. Alipofika kabatini alisimama sana. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Nilikuamini," akaniambia kwa Kiingereza.

Nilitaka kumwambia kwamba baba wa ukoo wetu naye aliwaamini waliomjengea kaburi. Nilitaka kumwambia habari za mgema na mkewe. Nikasema tu, "Yote niliyoandika ni kweli, Bwana."

"Hiyo haikuwa kazi yako."

Alizichana palepale, si kwa ghadhabu, mbili mbili, akaziweka mezani kama mtu anayepanga karata. Mlinzi alifukuzwa siku ya pili yake. Kwa mjane hakwenda kudai. Labda aliogopa kelele, labda aliona haya, sikujua.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu, Mwingereza mwanamke, alikuwa ameshapata barua. Aliniita ofisini. Aliniambia nimeiaibisha shule na kwamba kuna njia za heshima za kueleza jambo. Nikamwambia tulishaandika bomani. Akasema hilo si jibu. Akanipa karatasi na kalamu: niandike kuomba radhi au nirudi kwetu.

Niliandika. Ilibaki miaka miwili nipate cheti cha ualimu, na kule Kunduchi kulikuwa na karai la mafuta lililokuwa likichemka kila alfajiri kwa ajili yangu. Niliandika mistari mitano kwa Kiingereza kizuri, nikasema nasikitika. Nimefundisha watoto miaka mingi baada ya hapo, nimewasahihishia insha zisizo na hesabu, na mistari ile mitano ndiyo maandishi pekee ya mkono wangu ninayotamani kuyachana.

Shangazi nilimweleza likizo iliyofuata. Alikuwa anageuza vibua karaini.

"Ulilia?" akauliza.

"Hapana."

"Vizuri. Soma umalize."

Mzungu aliondoka nchini miaka michache baadaye, mimi nikiwa tayari mwalimu. Yule mlinzi, aliyekuwa sasa anauza kahawa mjini, alikuja mpaka Kunduchi kutupa habari. Alikuwa ameitwa arudi siku mbili kusaidia kufunga vitu. Vinu na miiko viliachwa palepale. Mabakuli yalitiwa kwenye masanduku kwenda Ulaya.

Nilianza kutukana. Sikuwa nimewahi kutukana mbele ya shangazi maisha yangu. Yeye alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakunikataza. Alimngoja mlinzi anywe maji, kisha akamuuliza:

"Mlilifunga vizuri? Mliliwekea majani chini?"

"Majani ya mgomba makavu, bibie, chini na juu. Nililifunga mimi mwenyewe."

"Maana pale ukingoni lina udhaifu."

Akaendelea kukuna. Mimi niliinuka nikatoka uani, nikachukua ndoo ya nguo ambazo hazikuwa zangu, nikazifua zote, kwa nguvu, mpaka vidole vikachubuka.